Buni Zilizooshwa Maji Saba

Watu walikwisha kutoka msikitini. Zulekha alizisikia ndara zao zikipita njiani, jozi kwa jozi, lakini za Pandu hazikuwamo. Angezijua. Mumewe aliburura mguu wa kushoto tangu alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu, na mtu anayeburura mguu hachanganyiki na wenziwe. Zulekha alikuwa kasimama ubavuni mwa dirisha la mbele, taa kaizima asionekane, na binti yake Khairat kakaa mkekani, mwangaza wa simu umempiga usoni.

"Izime hiyo."

"Mama, kila ntu anajua kuwa tumo ndani."

"Wajue. Lakini wasituone tunangoja."

Walichokuwa wakikingoja ni neno moja tu, na Pandu ndiye aliyekwenda kulichukua kwa Shehe Mmanga baada ya sala ya isha, mbele ya watu wote: kahawa ya Zulekha inanyweka, au hainyweki?

Mgeni angelicheka. Lakini katika mtaa ule, nyuma kidogo ya maduka ya Mtambile, Zulekha hakuwa na kitu kingine cha kutajwa nacho. Skuli aliishia darasa la sita. Shamba lilikuwa la watu, naye akilipalilia. Alipoolewa, mama mkwe wake alimkabidhi dele la kahawa na kinu, akamfundisha kukaanga buni mpaka zitoe jasho na kuziepua kabla hazijatoa moshi, akamfundisha na kipimo cha tangawizi, ambacho hakikuwa kijiko wala kiganja bali ni harufu. Tangu hapo wanaume wa barazani walikunywa kwa mkono wake asubuhi na alasiri, Pandu akichukua dele huku na vikombe huku. Na mtu akifa, kabla sanda haijakatwa, husikika mtu kasema, "Mwiteni Zulekha." Hitima ikisomwa bila ya kahawa yake, watu walirudi makwao wakihisi kama kuna kitu kimesahauliwa. Hicho ndicho kilichokuwa cheo chake. Hakukiomba, na hakujua kuwa alikipenda kiasi gani mpaka kilipoanza kumponyoka.

Aliyekuja na balaa alikuja na mkate wa ajemi na salamu. Suhaib, mtoto wa kaka yake wa Wambaa, alikuwa akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya wageni huko pwani. Siku hiyo alikaa uani, akaitazama mibuni ya shangazi yake nyuma ya nyumba, iliyokuwa imewiva nyekundu.

"Shangazi, ngawa hawazili hizi?"

"Wananimaliza! Kila usiku. Pandu anataka kuwatega."

"Asiwatege. Waache wale washibe."

"Weye una wazimu? Wakishiba miye nitakaanga nini?"

"Utakaanga wanachokitoa."

Zulekha alidhani mzaha, akacheka, akaona mwenzake hacheki. Suhaib akamweleza. Ngawa anakula tunda, anameng'enya nyama yake, na punje inatoka nzima. Ile punje, wageni wanasema, uchungu wake umepungua na harufu yake hakuna mfano. Kuna nchi wanainywa watu wakubwa tu.

"Wakubwa wa nini, hao wanaokunywa mavi?"

"Si mavi, shangazi. Ni buni iliyosafiri."

"Isafiri ipite huko?" Khairat alidakia kutoka mlangoni, na wote watatu wakacheka mpaka Pandu akaamka.

Wangeishia kwenye kicheko ingekuwa heri. Lakini karafuu zilikuwa zimekataa mwaka wa pili ule, na Pandu hata zingezaa asingeweza kupanda. Tena Suhaib alisema neno ambalo Zulekha hakumwambia mtu kuwa ndilo lililomkamata. Alisema, "Nitawaambia imetoka kwa mkono wa Bi Zulekha wa Mtambile. Jina lako litasomwa mezani."

Akakubali.

Ngawa ana tabia yake: haachi choo chake kila mahali kama kuku, bali ana pahala pake anaporudi. Zulekha alipajua, chini ya mshokishoki ulio mpakani. Kila alfajiri, kabla watu hawajaanza kupita, alikwenda na kipande cha jani la mgomba mkononi, akiokota vinyesi vyenye punje huku kageuza uso. Suhaib alikuwa amemuonya: asivivunje, asivioshe, avianike vile vile vilivyoshikamana.

Siku za mwanzo alivianika. Lakini vilikuwa uani mwake, hatua chache kutoka anapotandika msala wake, na yeye ni mwanamke asiyeshika dele ila ana udhu. Upepo ukivuma kutoka upande ule, sala ilimtoka moyoni. Alijiuliza iwapo nguo zake ni safi. Alijiuliza iwapo mikono yake ni safi. Akaanza kuoga mara mbili, kisha mara tatu. Mwishowe alikumbuka kitu alichosomeshwa utotoni chuoni, kwa maalimu wa Kurani, kwamba kuna najisi nzito, nayo huoshwa maji saba, moja lichanganywe na udongo. Ni najisi ya kitu gani, hilo alikuwa kalisahau. Akaona ni heri kuzidisha kuliko kupunguza.

Akavivunja vyote kwenye karai. Akaosha, akamwaga. Akatia udongo, akasugua, akamwaga. Akaosha tena na tena mpaka punje zikatoka nyeupe, hazina harufu yoyote ila ya maji. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Suhaib aje. Hapo ndipo alipoinua kichwa akamuona jirani yake, Bi Time, kasimama nyuma ya ua wa makuti, midomo ikicheza kama ya mtu anayehesabu.

"Mwenzangu, kitu gani hicho hata maji saba?"

"Buni."

"Buni! Na udongo?"

"Buni tu, shoga. Zilichafuka."

"Zilichafukaje hata zikataka udongo?"

Zulekha alitafuta uongo, hakuwa na mazoea nao, akalifunika karai kwa kanga yake. Kulifunika kule kulimtosha Bi Time. Kila mtu aliyepita chuoni anajua, na Zulekha peke yake ndiye aliyesahau, kuwa maji saba na udongo ni ya mbwa na nguruwe. Magharibi haijaingia, mtaa mzima ulikuwa unajua kuwa Zulekha anaosha buni zilizoingiwa na mbwa. Walipoamka asubuhi, zilikuwa zimetoka kwa mbwa.

Suhaib alizichukua zile punje bila ya kufungua mfuko. Alirudi nao siku ya pili, akauweka kizingitini kama mtu anayerudisha mtoto aliyefukuzwa skuli.

"Shangazi, umeziosha."

"Nimezitahirisha."

"Mpishi mkuu kazimwaga mezani. Kasema hizi ni buni tu, kama za dukani. Katutukana, kasema tunataka kumuibia."

"Mwambie mimi siibi. Nitakwenda mwenyewe nimuapie."

"Hataki kiapo. Anataka mavi. Mavi ndiyo shahidi, shangazi, na shahidi umemuosha."

Msimu wa buni ulikuwa umekwisha. Mitini hapakuwa na kitu tena, si cha ngawa wala cha mtu. Suhaib aliondoka bila ya kunywa maji, na hakurudi. Hivyo hotelini walisema si mavi, na mtaani walisema ni mavi matupu, na Zulekha alikaa katikati na mfuko wa buni safi kuliko zote zilizopata kuwamo Pemba.

Barazani hakuna aliyesema kitu. Lingekuwa neno, Pandu angelijibu. Walipokea vikombe, wakashukuru, wakaviweka chini kando yao, wakazungumza habari za mpira. Pandu alirudi na dele limejaa. Alimwaga mwenyewe nyuma ya choo ili mkewe asione, na mkewe aliona. Siku nyengine wakawa hawapokei kabisa. Mzee Mbarouk, aliyekuwa akinywa kikombe cha kwanza kila siku tangu enzi ya mama mkwe, akawa haji barazani, anasema magoti. Kisha akafa mama wa watu nyumba ya nne kutoka hapo. Zulekha alivaa, akatandika vikombe kwenye sinia, akangoja kuitwa. Alingoja mpaka aliposikia harufu ya kahawa ya mtu mwengine, iliyoungua.

Usiku ule alimwambia mumewe, "Nenda kwa Shehe. Mwambie kila kitu. Na ngawa, mwambie."

Sasa alizisikia ndara. Ule mguu. Pandu aliingia, akakaa kitako juu ya mkeka kabla ya kutoa salamu, na Khairat akawasha taa.

"Haya, baba?"

"Kasema safi."

"Kasema safi!" Khairat aliruka. "Mama, umesikia?"

Zulekha hakuruka. Alikuwa akiuangalia uso wa mumewe. "Kasemaje? Nisimulie yote."

"Kauliza punje ilitoka nzima au imepondeka. Nikamwambia nzima, ngumu. Kasema ikiwa ingepandwa ingeota, basi imechafuka nje tu, ikioshwa imetahirika. Maji saba hayakuwa na haja, kasema, ngawa si mbwa. Kasema pia, nyinyi mlichokuwa mnakunywa hata hizo punje hazikuwamo. Kawakemea, Mama Khairat. Kawaambia mnamla mwenzenu nyama."

"Wao wakasemaje?"

"Wakasema Shehe kasema kweli."

"Wote?"

"Wote."

"Kuna mtu aliyesema, kesho leta kahawa?"

Pandu alivua kofia yake, akaitazama ndani. "Labda walikuwa na haraka," alisema.

Alfajiri Zulekha alikaanga kwa uangalifu kama bibi harusi anayepika kwa wakwe. Hakukaanga zile za mfukoni, alikaanga buni za dukani. Alitwanga, alichemsha, alinusa, akaridhika. Pandu akachukua. Zulekha akasimama penye ufa wa dirisha, kwani kutoka pale baraza lote lilionekana, na sauti zilimfikia.

Walimkaribisha Pandu kwa heshima, wakamsogezea nafasi. Walimsifu Shehe, wakasema Shehe ana elimu, bahari haina mwisho. Pandu akamimina kikombe cha kwanza, akakinyoosha.

"Ahsante, yakhe. Nimefunga."

"Leo Jumatano?"

"Nalipa za Ramadhani."

"Mwanamme mzima, una za Ramadhani za kulipa?" mwengine alimkejeli, wakacheka, na Pandu naye akacheka, akamgeuzia yule aliyekejeli kikombe.

"Mie daktari kanikataza. Presha."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Wa tatu alikipokea. Zulekha akausogelea ufa. Alikipokea, akakinusa, akasema mashaallah harufu, akakizungusha mkononi huku akisimulia jambo la ng'ombe wake, na alipokwisha kusimulia akakiweka chini, kando ya mguu wake, taratibu, kama mtu anayelaza kitoto.

Hawakuwa na chuki. Hilo ndilo lililommaliza Zulekha, kule kuwaona hawana chuki hata kidogo. Akili zao zilikuwa zimekubali, ni makoo tu yaliyokataa, na koo la mtu hakuna shehe wa kulikemea.

Pandu aliporudi, Zulekha alilipokea dele mlangoni, akajifunga ukaya kichwani.

"Wapi?" Khairat aliuliza.

"Kwa Mzee Mbarouk."

"Mama, usiende. Nakuomba. Kama hataki je?"

"Yeye hakuwako barazani. Hajakataa bado."

Alipita mbele ya wanaume, akawaamkia, wakamuitikia vizuri sana, wote, na wakaangalia chini. Bi Time alikuwa akifagia mbele ya kwake, akasema, "Hongera, shoga, nimesikia Shehe kakusafisha," na Zulekha akasema ahsante, akapita.

Nyumba ya Mzee Mbarouk ilikuwa imefungwa mlango, lakini redio ilikuwa ikilia ndani, taarifa ya habari.

"Hodi!"

Redio ikapunguzwa.

"Hodi, Mzee! Ni miye, Zulekha. Nimekuletea yako ya kwanza."

Alisikia kikohozi. Alisikia viatu vya mti vikija ukumbini, pole pole, vikafika nyuma ya mlango, vikasimama. Palikuwa na ubao mmoja tu kati yao. Mvuke wa dele ulipanda, ukaingia kwenye nyufa za mlango, na alijua kuwa mzee anauvuta, kwa sababu alimsikia akivuta pumzi ndefu, kama alivyokuwa akifanya kila siku kabla ya funda la kwanza.

"Mzee, Shehe kasema ni safi."

"Nimeambiwa, mwanangu," sauti ilisema, karibu sana na sikio lake. "Allah akuzidishie."

Komeo liligusika, likalia kidogo. Zulekha alikiweka kikombe sawa mkononi.

"Hodi," alisema mara ya tatu, kwa sauti ndogo, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho, asiyefunguliwa huondoka.

Viatu vya mti viligeuka. Vilirudi ukumbini, hatua baada ya hatua, na redio ikaongezwa tena. Mlango haukufunguka.