Sindano Niliyoimwaga

Mimi ni mtu wa haraka, wala sifichi. Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma, wenzangu walinitania kwamba hata chai naimeza bila kuipuliza. Nikaona wananisifu.

Asubuhi moja ya upepo na vumbi aliletwa mzee mkulima kutoka Haneti, amefungwa kamba mikononi. Mwanawe, mtu mzima mwenye watoto wake, alieleza kuwa baba yake hajalala siku tano, na jana alishika panga akimtafuta mtu asiyeonekana. Kadi ya kliniki waliisahau. Nilimuuliza mwana kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru mzee, akasema hakuna. Daktari akaandika sindano ya kumtuliza, nikavuta dawa, nikaita wanaume watatu wamshike.

Mzee alipoliona bomba la sindano alianza kurusha miguu, akilia "koo, koo." Nikasema ndio ugonjwa wenyewe huo. Muuguzi mwenzetu, mzee wa kazi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, aliniuliza iwapo nimezungumza na mgonjwa. Nikamjibu, kwa mdomo wangu huuhuu, kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Hakubishana nami. Aliwaambia wale watatu wamwachie mzee, warudi nyuma kidogo, kisha akanitazama mpaka nikaona haya. Nikaweka trei mezani, nikachuchumaa.

"Shikamoo, mzee."

Miguu ikatulia. Alinikagua usoni, nadhani akitafuta kama ninamdhihaki.

"Marahaba, mwanangu. Tangu nyumbani hakuna aliyenisalimia."

Nikamuuliza koo lina nini. Akaeleza polepole kwamba sindano ya mwaka jana, hospitali nyingine, ilimpinda shingo, ulimi ukakakamaa, koo likabana hadi akakosa pumzi. Mwanawe hakuwepo siku hiyo, na baadaye hakuna aliyemuuliza mzee lolote.

Angenifia mikononi, mzee wa watu.

Tulimfungua kamba. Daktari alirudi, akamsikiliza, akaifuta ile dawa na kuandika nyingine. Mzee akajilaza ubavu mwenyewe. Nilimchoma taratibu, juu ya tako upande wa nje, kisha nikakaa naye mpaka mchana nikimpima presha, nikiangalia shingo yake na pumzi zake.

Mwanawe alikuja akasimama mlangoni. Aliziona alama za kamba.

"Shikamoo, baba."

Mzee akageukia ukutani.

Nilitaka kumsema yule mwana, na maneno ninayo mengi. Lakini bomba langu la kwanza bado lilikuwa kwenye trei, limejaa. Nilikwenda kuimwaga ile dawa. Niliporudi nilimkuta palepale mlangoni, akingoja marahaba.