Gogo la Ziwani na Miti Yetu Mitatu

Nilipoolewa nilihamia kambi ya mgodi kule Geita nikiwa na sanduku la bati, sufuria mbili, na mbegu za ndimu ambazo mama alinifungia kwenye pindo la kanga. Mama yangu alikuwa mkulima wa pamba na mtama upande wa Shinyanga. Kwake yeye, nyumba isiyo na mti mlangoni ilikuwa bado haijahamiwa.

"Ukifika, panda kwanza," aliniambia. "Kupika utapika tu."

Mume wangu alikuwa seremala. Kazi yake mgodini ilikuwa kuchonga na kusimamisha nguzo za kuzuia mashimo yasibomoke. Tulipewa chumba na kibaraza katika mstari mrefu wa vyumba, ukuta kwa ukuta na majirani. Mbele yetu palikuwa na ua wa changarawe uliokanyagwa na watu wengi mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Nilichimba kwa jembe, nikachimba kwa panga, mwisho nikaomba sururu. Mbegu zangu nikazianzisha kwenye makopo ya samli, na miche ilipofikia urefu wa kiganja nikaihamishia kwenye vishimo vyangu. Siku hiyohiyo kuku wa jirani waliifukua yote isipokuwa mmoja.

Jirani huyo alikuwa mwanamke wa Tabora, mtu mzima kuliko mimi, Mwislamu mwenye kujistahi, ambaye kila asubuhi alikaanga maandazi mpaka kambi nzima ikaamka kwa harufu yake. Mumewe alikuwa mchimbaji. Nilitoka na ule mche uliosalia mkononi nikamwambia kwa Kisukuma jinsi nilivyowaona kuku wake na malezi waliyopewa. Akanijibu kwa Kinyamwezi. Bahati mbaya lugha hizo ni ndugu, kwa hiyo tulielewana vizuri mno. Tangu hapo hatukusalimiana. Tulipokutana bombani kila mmoja aliitazama ndoo yake.

Basi mche wangu mmoja ukarudi kwenye kopo, nami nikawa nauingiza ndani kila nilipotoka, kama mtoto mchanga.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na Mzinza, wakiishi ziwani upande wa Nungwe. Baada ya masika mume wangu alipata mapumziko tukaenda kuwatembelea. Tulikuta gogo limelala mchangani karibu na mahali pa kufulia, refu kumpita mtu mzima aliyelala, limepauka kwa jua na kulainishwa na maji mpaka unatamani kulipapasa. Upande mmoja lilikuwa limeoza moyo, likabaki na bonde katikati.

"Hili la nani?" niliuliza.

"La ziwa," dada alijibu huku akikamua nguo. "Lilikuja lenyewe wakati wa zile mvua kubwa. Watoto wanalipanda wakidhani ni kiboko."

Mume wangu alikwisha piga magoti. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akakwangua kwa kisu, akanusa. "Mvule," alisema. Shemeji yangu naye akanusa akakubali. Nikamwona mume wangu anavyolipima kwa macho, nikajua tayari ameona viti, labda na kabati.

"Mimi nataka kupanda miti humo," nilisema.

Aligeuka taratibu. "Miti ndani ya mti?"

"Chonga hilo bonde, utie udongo. Uliinue juu ya mawe."

"Mke wangu, udongo umejaa dunia nzima, tena chini, ulipowekwa. Nichonge mvule niutie udongo?"

"Ule wa chini ni wa kuku," nilisema.

Dada alicheka mpaka akakaa. Mume wangu akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Na tukihamishwa?" Kambini watu walihamishwa mstari huu na ule kila kukicha. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo sababu nyingine, kwamba mti wa ardhini unaachwa lakini wa kwenye gogo unapakiwa. Hapo akamtazama shemeji wakainamia pande mbili kulipima uzito, nami nikajua nimeshinda.

Tulirudi kwa lori lililobeba samaki wakavu kwenda soko la mgodini. Dereva hakutaka gogo lichane magunia yake, akasema lifungwe. Dada akatoa mkeka, mimi nikatoa shuka yetu nyeupe, tukalivingirisha vizuri, tukalifunga kamba katikati na mwisho huu na huu. Njia ilikuwa imechimbika kwa mvua, lori likaenda mwendo wa mtu anayechunga ng'ombe. Vumbi la samaki lilinichoma macho, nikajitanda kanga kichwani na kuinama, mkono mmoja juu ya gogo lisiviringike. Mume wangu alikaa upande wa pili, amejikunyata.

Wa kwanza kukutana nasi alikuwa mzee mmoja na baiskeli. Alishuka, akavua kofia, akasimama wima hadi tukapita. Mume wangu akampungia mkono. Mbele kidogo wanawake waliokuwa wakipalilia walitua majembe yao. Kisha kundi zima la wanaume kwenye kilabu cha pombe wakasimama, vibuyu mkononi.

"Watu wa huku wana heshima," mume wangu alisema. Halafu akalitazama gogo. Akanitazama mimi nilivyojitanda. "Ee mayu! Wanadhani tumebeba maiti!"

Tulimpigia dereva bati la kichwa cha lori asimame tulifungue, lakini hakusikia, au alisikia akadhani ni kilio. Habari zilitutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Tulipoingia kambini mstari wetu wote ulikuwa nje. Wanawake walianza kulia kabla lori halijasimama. Na aliyekuwa mbele ya wote, miguu mitupu, mikono imejaa unga wa maandazi, alikuwa jirani yangu wa Tabora. Alinikumbatia kwa nguvu nikakosa pumzi.

"Innalillahi! Pole mdogo wangu, pole! Ni nani? Ni nani jamani?"

"Ni gogo," nilisema.

"Nani?"

"Gogo, dada."

"Mgogo? Mgogo gani? Mlikuwa na ndugu wa Dodoma?"

Nilijaribu kueleza, kicheko kikanikaba, na kicheko kilichokabwa hufanana sana na kilio. Akazidi kunibembeleza. Hatimaye mume wangu alipanda juu ya lori, akafungua kamba, akavuta shuka. Gogo likakaa wazi mbele ya watu. Jirani yangu alilitazama, akanitazama, akaketi chini kwenye changarawe akacheka mpaka machozi yakamchora mistari kwenye unga uliokuwa usoni. Wengine wakafuata. Wazee waliokuja kukaa matanga walisema hawawezi kurudi hivihivi baada ya kutembea, kuni zilikwisha letwa, na unga pia. Tukapika. Dereva naye akatoa samaki, nadhani kwa aibu ya kutosimama, tukala msiba usio na marehemu.

Baada ya hapo kununiana tena kungekuwa kazi. Asubuhi nilimwambia, "Shikamoo dada," akaitikia, "Marahaba," akaniletea maandazi ya moto na kuuliza gogo lenyewe ni la nini hasa. Nilipomweleza alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ni kwa sababu ya kuku wangu." Nikasema ndiyo. "Basi na mimi nina haki ya kupanda humo," alisema, wala hakuwa akitania.

Mume wangu akitoka kazini alichonga jua likiwa bado lipo. Alipanua lile bonde kwa tezo, akamalizia kwa patasi. Kisha akatandaza makaa ya moto ndani na kuyapuliza, akiyasogeza huku na huku mpaka mbao ya ndani ikawa nyeusi ngozi yote. Mti ulioungua hivyo, alisema, maji hayauozeshi upesi na mchwa hawaupendi. Miisho yote miwili ya gogo ilikuwa imeanza kupasuka, akaifunga kwa mikanda ya chuma ya pipa bovu. Nje akapaka oili chafu ya magari, tukanuka gereji kwa wiki nzima. Akaliketisha juu ya mawe kibarazani, ukingo wake ukifika kiunoni mwangu. Mimi na jirani tulikwenda vijijini kuomba samadi ya ng'ombe, tukachanganya na udongo mweusi wa mbugani na mchanga kidogo.

Katikati nilipanda mndimu wangu. Mwisho mmoja jirani akachomeka kijiti cha mkomamanga alicholetewa na ndugu yake kutoka Tabora, na mwisho wa pili mhina, kwa sababu alisema amechoka kuomba hina kwa watu kila siku ya Idi.

Ilipita miezi ya furaha. Kisha vuli ikaingia, na kibaraza chetu kilikuwa kinavuja. Majani ya mndimu yakageuka manjano, mkomamanga ukainamisha kichwa. Asubuhi moja nilimkuta chura ameketi chini ya mhina kama mwenye nyumba. Jirani alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, ukatoka na tope linalonuka.

"Shemeji," alimwita mume wangu, "umetujengea birika. Maji yanatoka kupitia wapi?"

"Hayatoki," alisema kwa fahari. "Sijaacha hata ufa."

"Basi miti inakufa kwa ufundi wako."

Mume wangu alichukia, lakini alisema kweli nilipomuuliza baadaye: kila siku kazi yake ilikuwa kuzuia maji na udongo visipite, na mkono wake haukuwa umewahi kufikiria kinyume. Alikwenda akaleta keke, akalala chali chini ya gogo katikati ya mawe, akaanza kutoboa kwenda juu. Tulimwambia ajiweke pembeni. Alisema anajua kazi yake. Tundu la kwanza lilipofunguka, maji meusi ya samadi yalimwagika moja kwa moja usoni mwake, na pengine chura pia, maana hatukumwona tena. Jirani alikimbilia chumbani kwake ili asimcheke mbele yake. Tulimsikia ukutani.

Alitoboa matundu mengine, safari hii akiwa amefunga kitambaa, akatandika kokoto chini ya udongo. Baada ya majuma machache mndimu ulitoa majani mapya, mabichi ya kung'aa. Tuliishi na miti hiyo miaka mingi. Ndimu zetu zilikuwa ndogo lakini zenye maji, mgonjwa wa homa kambini alijua pa kutuma mtu. Watoto wetu na wa kwake walikua wakizunguka gogo lile. Kila mwaka mume wangu alikata matawi yaliyozidi, akabadilisha udongo wa juu, akapaka oili, na gogo halikuanza kuoza upande wowote.

Tuliondoka Geita mume wangu alipopata kazi kwenye kinu cha pamba Shinyanga. Nilitaka kuliacha gogo kwa jirani. Yeye akataka niondoke nalo. Tulibishana kwa heshima kubwa kuliko siku ile ya kuku. Mume wangu alishika msumeno akasema atalikata katikati, sote tukampigia kelele. Mwisho niling'oa mndimu na udongo wake nikautia kwenye debe, gogo likabaki.

Mwaka uliofuata mume wa jirani aliacha mgodi, wakawa wanarudi kwao Tabora. Njia yao ilikuwa kuja Shinyanga kwa lori, kisha treni. Nilikuwa napepeta mtama niliposikia honi, nikamwona anashuka kwa uangalifu, kanga kichwani, akimwelekeza dereva arudi nyuma taratibu. Nyuma ya lori, mkomamanga na mhina vilisimama wima kama abiria.

"Treni haibebi mzigo huu," alisema hata kabla ya salamu. "Na mimi siwezi kuukalisha stesheni."

"Wabeja, dada," nilimshukuru kwa Kisukuma, nikapanda kushika ncha moja ya gogo.

Walikaa kwetu karibu juma zima wakisubiri ndugu wa kusafiri nao. Alikata vijiti vya hina na mkomamanga akavifunga kwenye kitambaa chenye maji avipande kwao, na pale katikati palipokuwa wazi, maana mndimu ulikwisha shika mizizi uani kwetu, tukapanda mstafeli. Gogo lilikuwa refu kuliko baraza yetu mpya, likaziba nusu ya mlango, wageni wakawa wanaingia kwa ubavu. Mume wangu alilizunguka mara kadhaa, akakuna kichwa, halafu akaenda kutafuta mawe na mbao za kuongeza baraza.