Maji ya Kwanza

Jumamosi, tarehe 15 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Jua lilichungulia saa nne, likaona kikao kinaanza, likarudi ndani.

Kikao kilikuwa cha Kamati ya Liturujia, katika chumba cha nyuma ya sakristia. Tulikuwa watu saba, tumekaa juu ya mabenchi aliyoyatengeneza Fundi seremala. Ajenda ya nne ilimhusu mke wa Fundi. Nianze na huyo mke, kwa kuwa yeye kwenye kikao hakuitwa.

Parokia nzima ilimjua kwa jina la Mama Pasi. Kwa miaka kumi na tisa alifua na kupiga pasi vitambaa vya altare: kile kipana kinachotandikwa chini ya kalisi, kikombe cha Misa, na vile vidogo vya kuifutia. Kazi hiyo ina sharti moja. Kitambaa kinaweza kuwa kimeshika chembe ya Mwili wa Bwana au tone la Damu, kwa hiyo maji ya kwanza hayamwagwi ovyo. Humwagwa kwenye udongo safi, pasipokanyagwa na mtu. Mama Pasi aliyamwaga kwenye shina la mwaridi ulioko nyuma ya sakristia, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa. Mwaridi huo ulichanua hata kiangazi, na Mama Mwenyekiti wa kamati yetu alipenda sana kupigwa picha hapo.

Mama Pasi mwenyewe hakuwa akikomunika. Fundi alifunga ndoa kanisani ujanani na mwanamke mwingine. Mke yule aliondoka mwaka wa pili, akaolewa mji mwingine, na sasa ana watoto wanne. Ombi la kuichunguza ndoa ile, ili waweze kufunga yao, liko ofisi ya jimbo, huu ni mwaka wa kumi na moja. Faili hilo limemzidi umri mtoto wao wa mwisho. Walipolipeleka, Katekista aliwashauri waishi kama kaka na dada mpaka jibu lije.

"Katekista, nyumba yetu ina kitanda kimoja," Mama Pasi alimjibu. "Huyo kaka atalala juu ya kabati? Halafu kaka ninao, tena watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikanda miguu baada ya kusimama na pasi kutwa nzima."

Katekista alikohoa, akauliza habari za watoto.

Basi Jumapili wenzake walipopanga foleni, yeye alibaki amekaa, akipisha magoti watu wapite. Siku yake ilikuwa Alhamisi. Kila kitambaa alikisugua kwa Salamu Maria moja, nzima, bila kuruka neno. "Wao wanapokea, mimi nafua," aliwahi kuniambia. "Sote tumemshika." Zaidi ya hapo hakudai kitu kanisani.

Sasa ajenda ya nne.

"Simsemi mtu," alianza Mama Mwenyekiti, na kila mmoja akasogea mbele asikie anasemwa nani. "Lakini baada ya Pasaka Askofu anakuja kutoa Kipaimara. Tutamtandikia vitambaa vilivyofuliwa na mikono gani?"

"Mikono safi, mama," alisema Katekista. "Sabuni haitoki humo."

"Mchana, sawa. Na usiku mikono hiyo huwa wapi?"

Mimi nilikuwa naandika muhtasari, nikauliza jibu la swali hilo niandike lipi.

"Andika 'kwa sababu za kimaadili.' Inatosha."

Ikaamuliwa kazi ihamie kwa Mama Mwenyekiti, mwenye mashine ya kufulia. Mashine hiyo alikwishaitaja mara nne asubuhi ile, ikiwemo katika sala ya kufungua kikao, alipomshukuru Mungu kwa vipaji na vifaa. Tukaingia ajenda ya tano, kiti kipya cha Askofu, ambacho Fundi alikuwa anakichonga. Sifa zilimwagika. Hakuna aliyeuliza mikono ya Fundi usiku huwa wapi, ingawa kwa hesabu ya kawaida ilikuwa mahali pale pale.

Baba Paroko hakuwa kikaoni. Muhtasari aliutia sahihi baadaye, kama anavyobariki rozari, nyingi kwa mpigo na bila kuzitazama.

Tulipotoka, Mama Pasi alikuwa mlangoni na bahasha yake ya vitambaa, vimekunjwa kingo kwa kingo.

"Tumeona upumzike, dada," alisema Mama Mwenyekiti.

"Nani kawaambia nimechoka?"

"Ni kamati."

"Kamati imechoka kwa niaba yangu?" Alitutazama mmoja mmoja; tukatazama viatu. Akaelewa. "Na kiti cha Askofu? Mnajua anayekitengeneza analala wapi."

"Kile ni mbao tu, mwenzangu."

"Na hiki ni pamba tu. Shika."

Nilimsindikiza, kwa kuwa njia yetu ni moja. Nyumbani kwao Fundi alisikiliza, akaweka randa chini. "Basi kiti chao wakamalizie wenyewe. Nyani haoni kundule!"

"Maliza kazi yako," mkewe alimwambia. "Askofu hajanikosea, na mbao umeshakata." Kisha akakaa kwenye ukingo wa kiti kile, ambacho bado hakikuwa na mgongo, akajifuta macho kwa kiganja.

Alhamisi iliyofuata mikono yake ilikosa pa kwenda. Alipiga pasi ovaroli za Fundi, akapiga pasi aproni yake, na nilipopita jioni alikuwa amefikia matambara ya kupakia vanishi.

Jumapili, tarehe 23, kweupe, upepo kidogo. Baada ya komunyo Baba Paroko alikunjua kitambaa afute kalisi, akasita. Akakunjua cha pili. Vyote vilikuwa na rangi ya waridi, laini, ya kupendeza, kama nguo za mtoto mchanga. Rangi hiyo Kanisa huivaa Dominika ya nne ya Kwaresima, na sisi tulikuwa ya tatu.

"Naona tumetangulia wiki moja," alisema sakristiani.

Mama Mwenyekiti alieleza kwamba shati jekundu la mume wake, sare ya Chama cha Wanaume, lilikuwa limejificha ndani ya mashine. Alilisema shati hilo kama mtu aliyevizia njiani.

"Mbona hukumpa Mama Pasi?"

Tukatazama viatu tena. Baba Paroko akaomba daftari la muhtasari, akausoma kwa mara ya kwanza, mpaka kwenye sahihi yake mwenyewe. Masikio yake yaliiva kuliko vitambaa.

"Nenda kwake leo hii, mama, kwa miguu yako. Na katibu aende na daftari."

Mama Pasi alitupokea uani, Fundi yuko pembeni anapiga msasa. Alishika kitambaa, akakigeuza, akakinusa.

"Rangi itatoka, jua lipo," alisema. "Maji ya kwanza ulimwaga wapi?"

"Maji gani?"

"Ya kwanza."

"Mwenzangu, ile ni mashine. Inamwaga yenyewe."

"Inamwaga wapi?"

Mama Mwenyekiti alimtazama Fundi, akanitazama mimi. "Mtaroni," alisema.

Msasa ulinyamaza. Nilitegemea Mama Pasi acheke. Siku ile alikuwa na haki ya kucheka. Hakucheka. Alikaa chini kwenye takataka za mbao, kitambaa kifuani.

"Mmeogopa mikono yangu," alisema, "mkamtupa Yeye mtaroni."

Kisha akanigeukia.

"Katibu, mstari unaonihusu ufute. Hapa hapa, nikiona." Niliukata kwa kalamu na rula. "Alhamisi narudi kazini. Lakini kesho, mama, tuna kazi nyingine kwako. Uamke mapema."

Asubuhi yake, Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, kumepambazuka bila wingu, Mama Pasi alifika nyuma ya nyumba ya Mama Mwenyekiti na jembe la mumewe na ndoo mbili za maji safi. Pale bomba la mashine linapotokea alichimba mfereji kutoka mtaroni hadi chini ya ua wa michongoma, kwenye udongo usiokanyagwa. Akamimina ndoo ya kwanza mtaroni taratibu, iyasukume yale maji hadi kwenye udongo ule, na ya pili hivyo hivyo. Kisha akapiga magoti kwenye tope. Watu waliokuwa wanakwenda kazini wakaanza kupunguza mwendo.

Mama Mwenyekiti alitokea mlangoni na gauni la kulalia. "Mwenzangu, watu wanapita!"

"Na Yeye alipita hapa hapa. Shuka."

Akashuka. Akakusanya gauni, akapiga goti moja.

"Yote mawili," alisema Mama Pasi, na akaanza Baba Yetu.

Alipomaliza alijaza ndoo moja upya, akajitwisha, akaenda kuunywesha mwaridi, ambao kwa siku tisa hakuna aliyeukumbuka.