Rula ya Sentimita Thelathini

Siku ile tulikuwa wanne mlangoni pa karakana: supavaisa na rula yake, mlinzi wa geti, mama jirani yangu wa ploti tuliyopanga kule Kiganjo, na mimi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu, hakuwepo, ila yeye ndiye aliyeamua kila kitu. Alikuwa nyumbani amelala, baada ya pumu kumkaba usiku kucha.

Tulikuwa tukigonga vifuniko vya makopo, jirani na mashine yake, mimi na yangu. Yangu ilikuwa imekufa. Supavaisa akasema atabaki mmoja. Angeangusha rula katikati ya vidole vyetu, na atakayeidaka mapema ndiye mwenye mkono wa kazi.

"Mashine haingoji mtu aamke," alisema.

Alianza na mlinzi, kwa mchezo tu. Nikaona kitu: kila alipotaka kuiachia, supavaisa alibana midomo kwanza. Aliyetazama rula alichelewa. Aliyetazama midomo angewahi.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya jirani. Alikuwa amefanya kazi pale miaka sita, na ndiye aliyeniingiza nilipoacha shule kidato cha pili, tulipomzika mama mwaka mmoja baada ya baba. Usiku huo wa pumu ndiye aliyekesha amemwegemeza mdogo wangu kifuani. Aliniambia, "Wewe lala, kesho una mashine." Nikalala mpaka asubuhi.

Ningeweza kumnong'oneza. Nikafikiria wadogo wangu watatu, nikanyamaza.

Rula ikaanguka. Vidole vyake vikafumba hewa.

"Mathe, rula imeshafika Ruiru, wewe bado uko Thika," supavaisa alisema. Mlinzi akacheka hadi akashikilia geti.

"Rudia," jirani alisema.

Ya pili ikampita. Ya tatu aliikamata mwishoni kabisa.

"Ulilala saa ngapi, cucu?" supavaisa alimuuliza, sasa akimwita nyanya kwa Kikuyu.

"Nililala vizuri." Hakunitazama.

Mimi niliidaka kwenye sentimita ya kumi, mara zote tatu.

"Huyu ni paka," supavaisa alisema. Akamvua jirani aproni, akanipa. Ilikuwa bado na joto lake.

Jirani alihamia Mugutha kwa binti yake, kulea mjukuu. Nilimtembelea Jumapili moja. Alinimiminia chai, akamuulizia mdogo wangu, kisha akasema, "Mkono wako ulianza kabla rula haijaachwa. Ulikuwa unatazama nini?"

"Midomo yake. Hubana."

"Ulijua kabla ya zamu yangu?"

Swali lilikuwa jepesi. Ndiyo au la. Mimi paka nilikaa na kikombe mkononi, nikichelewa, na kuchelewa kwangu kukamjibu.

"Basi," alisema.

Mjukuu akaanza kulia. Nikanyoosha mikono nimchukue, nikamwambia yeye ajilaze kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu kama siku ile. Akamwinua mtoto mwenyewe, akamfunga mgongoni.

"Rudi kwako ulale," alisema. "Kesho una mashine."

Nimerudi kwake mara tatu tangu hapo. Usiku ule mmoja bado sijaulipa.