Tairi Lililochongwa

Siku ile Ekaale alipomwona Kinanu mara ya kwanza, pua ndiyo iliyotangulia macho. Harufu ya mpira ulioungua ilifika kwenye kibanda chake cha kuziba pancha, pale Isiolo, kabla moshi haujatawanyika na pikapu ya miraa kujitokeza, mwanamke akiwa kwenye usukani.

"Fundi, mbona unaangalia chini? Mimi ni jua?"

Waliokuwa wakingoja miraa wakaangua kicheko. Walimpenda. Kila alipoondoka kurudi mjini Maua alikanyaga mafuta kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yakalia, yakafuka moshi, nao wakapiga miluzi. Ekaale hakupiga. Alijua moshi ule ni nini. Gurudumu likizunguka kwa kasi kuliko gari linavyokwenda, halishiki tena lami. Linaisugua tu mpaka mpira unaungua na kubaki barabarani. Gari likishaondoka, aliinama akagusa alama zile nyeusi. Zilikuwa bado na joto.

Alitaka kumwambia. Miaka mitatu alitaka kumwambia hilo na mengine, lakini Kinanu akishuka tu garini, ulimi ulikuwa mzito.

Novemba, Kinanu alileta tairi la nyuma likiwa kipara kabisa.

"Nichongee, Ekaale. Mpya nitaweka wiki ijayo."

Kuchonga ni kazi ya kisu kilichopashwa moto. Unakata mifereji mipya kwenye mpira mkuukuu, ili mvua ikinyesha maji yapate pa kutokea chini ya tairi. Lakini kisu kilipoingia kidogo tu, Ekaale aliona nyuzi. Mpira ulikuwa umekwisha. Akachonga juujuu, mistari ya kudanganya macho, kisha akalifunga.

Kesho yake mvua ilinyesha kwenye mteremko wa kutoka Meru. Walioona walisema gari halikuwa na mwendo mkali. Liliteleza tu kwenye kona, kama liko juu ya sabuni.

Kinanu alizikwa kwao Jumamosi. Ekaale alisimama nyuma ya watu wote.

Siku hizi anaziba pancha tu. Kisu hakipashi tena. Lakini bado anamwona Kinanu akilipapasa tairi lile kwa kiganja, kisha akimtazama, safari hiyo bila utani. Na kila akikumbuka swali lake, kichwa chake kinaitikia tena, vile kilivyoitikia siku ile:

"Wewe ungeniambia kama halifai, si ndiyo?"