Bado ya Masisi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa mitambo katika shirika la misaada mjini Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo. Tulikuwa na vyumba vitatu vya mitambo: cha ofisini karibu na ziwa, cha ghala la chakula na cha tawi letu la Nyundo, nje ya mji. Kila kimoja kilikuwa na kompyuta zake, betri zake, jenereta yake na ugonjwa wake. Juu ya hayo kulikuwa na redio ya masafa marefu, iliyotuunganisha na vituo vyetu ng'ambo ya mpaka.

Redio ndiyo niliyoipenda, na si kwa sababu ya kazi. Familia yetu iliporudi Rwanda kutoka Kongo, mdogo wangu alibaki huko, Masisi, na ng'ombe wa baba, akasema atatufuata. Vita vikapita, yeye hakutokea. Kituo chetu cha Masisi kilikuwa na mwendesha redio ambaye sikuwahi kuuona uso wake. Kila alasiri, tukishamaliza ripoti za unga na maharage, nilimuuliza. Naye alikuwa ameuliza kweli, sokoni, kanisani, kwa wachunga ng'ombe.

"Bado, kaka. Hakuna mutu amemuona. Lakini tunatafuta."

Jioni, nyumbani Rugerero, mama alinidaka mlangoni kabla sijavua viatu.

"Banasema nini leo?"

"Bado, mama."

"Bon. Bado haiko hapana," alisema, akaenda kupakua chakula.

Kisha akaja mkuu mpya kutoka Kigali, aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama suruali yake. Akavikagua vyumba, akaziona bili za mafuta, akatikisa kichwa. Mitambo yote ihamie Kigali, chumba kimoja. Sisi tubaki na laini moja ya simu. Redio izimwe. Vituo vya ng'ambo vipeleke ripoti Goma, Goma ijumlishe, Kigali ipokee jumla.

"Umoja ni nguvu, ndugu yangu."

"Na kidole kimoja hakivunji chawa," nikamjibu. "Laini ikikatika je? Na Masisi nitaongea nao vipi?"

"Una shida gani na Masisi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Pole sana," akasema. "Lakini siwezi kuwasha jenereta kwa ajili ya mtu mmoja."

Alikuwa na haki, nami nikamchukia kwa haki yake. Katika jumla ya Goma magunia yangeonekana. Mdogo wangu angeandikwa wapi?

Alasiri ya mwisho nilimwambia mwenzangu wa Masisi kwamba tunazima.

"Donc, nikimuona, nitaambia nani?"

Nikamuaga, nikapanda paani kushusha antena. Mkuu alipata alichotaka. Gharama zilishuka kweli, na kila mvua kubwa iliponyesha laini ilikatika, tukakaa kimya wote kwa pamoja.

Jioni ile mama alikuwa mlangoni.

"Banasema nini leo?"

"Bado, mama."

"Bon," akasema, akaenda kupakua chakula.

Aliniuliza kila jioni mpaka alipofariki, nami nilimjibu vilevile, bila kumwambia kwamba redio ilizimwa. Hakukuwa tena na mtu aliyekuwa akimtafuta mdogo wangu.