Nyumba ya Mwaya Iliyolipa Deni

Ile nyumba ya Mwaya tuliijenga mimi na mume wangu kwa matofali tuliyochoma wenyewe, na nyuma ya jiko nikapanda migomba niliyoitoa kwa mama yangu kule Ikolo. Migomba ile acha tu, mkungu mmoja mtu habebi peke yake. Lakini habari yenyewe siyo hiyo. Habari ni kwamba mume wangu aliugua, mwanangu akakopa amtibu, akaweka nyumba dhamana, na mgonjwa akafa kabla deni halijaisha. Tukamzika uani, nyuma ya migomba, kama tunavyozika huku. Mkopeshaji akaenda mahakamani, mwanangu akashindwa, dalali akaja akaiuza nyumba. Kaburi likabaki kwa watu.

Aliyenunua alikuwa muungwana, ana duka mjini. Miaka yote aliniacha niingie nipalilie kaburi. Juzi juzi hapa akaniita.

"Mama, nahamia Mbeya, nauza. Ninyi kwanza. Ila sitaweza kungoja sana."

Mwanangu sasa ana ajira, tukaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Nilivaa viatu vya kanisani, vinabana hivyo, sijui vya nini, benki hawaangalii miguu. Binti wa pale akatazama kompyuta, akamgeukia mwanangu.

"Kaka, una hukumu ya deni hapa. Inaonekana hujalipa."

"Nimelipa, dada! Nyumba iliuzwa!"

"Nyumba ipi?"

"Si hiyo hiyo ninayotaka kununua!"

Akacheka, halafu akaniona mimi, akaacha. "Samahani, bibi. Leteni barua ya mahakama kwamba deni limekwisha. Bila hiyo siwezi kupeleka maombi."

Tukaanza safari za mahakamani. Faili halionekani. Karani yuko likizo. Mvua zikaja, njia ikajaa maji, mpunga wangu nao, basi tuuache. Siku barua ilipotoka mwanangu alinipigia simu anacheka kama mtoto. Tukaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Akainama.

"Mama, nilingoja. Wiki iliyopita nimepokea fedha za mtu."

Sikumlaumu. Alingoja kweli.

Jumapili nikaenda na jembe langu kama kawaida. Mke wa mwenye nyumba mpya, msichana mwenye adabu zake, akapiga goti, akanipokea jembe, akatoa kigoda.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Wewe ni mgeni wa nani?"

Nikanyoosha kidole kule nyuma ya migomba. Hakuelewa.

"Kaa kwanza, nikuletee maji."

"Ndaga, mwanangu," nikamshukuru, nikakaa. Alikuwa amekiweka kigoda pale pale nilipokuwa nikiwakalisha wageni wangu.